Hita iliyogoma Edale: uzoefu wangu wa kukodi kempavani mwezi wa Oktoba

Nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu magodoro yalikuwa mazuri kweli. Nimesubiri hasira ipoe ndipo niandike, naona haina dalili ya kupoa, basi bora niandike nikiwa nayo.

Tulikuwa wanne: mimi na mume wangu, shoga yangu wa Mombasa, na dada mmoja wa Bukavu aliyetutangulia sote kuishi huku Uingereza. Mwishoni mwishoni mwa Oktoba tukakodi kempavani, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, pale Manchester, twende tukalale Edale, kijiji kilicho kwenye milima ya Peak District, mchana tupande milima na usiku tupike na kupiga soga. Jina la kampuni silitaji. Wenyewe wakisoma watajijua. Gari lina vitanda vingapi, refu kiasi gani, bei ya siku ni ngapi, hayo yote yako kwenye tovuti yao na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hita. Hita, na mtu aliyepokea simu.

Kijana aliyetukabidhi gari alikuwa na haraka zake. Akatufungulia makabati, akatuonyesha jiko, akabonyeza kitufe cha hita kwenye kile kidude cha ukutani, feni ikavuma, akaizima palepale. "Si mnaona? Inafanya kazi." Jamani, kilichovuma pale ni feni. Hita ya dizeli ina mwendo wake: feni inaanza, kuna kifaa ndani kinapashwa umeme mpaka kinakuwa chekundu, ndipo pampu inaleta mafuta tone kwa tone, ndipo moto unashika. Inachukua dakika kadhaa. Yeye aliizima hata tone la kwanza halijafika. Halafu akanipa kalamu nisaini kwamba nimepokea gari likiwa zima.

Tulifika Edale giza limeshaingia, maana msimu huo ikishapita saa kumi na mbili jioni huoni tena njia. Kiwanja cha kambi kiko kwenye nyasi chini ya mlima, kijito kinapita kando, hewa safi mpaka unaisikia kifuani. Tukala mahamri na mbaazi alizotoka nazo shoga yangu, mioyo myeupe kabisa. Kuelekea saa nne tukawasha hita. Feni ikavuma. Pampu ikaanza, tik, tik, tik, chini ya miguu yetu, tukashangilia. Kisha kimya. Kwenye kidude ikatokea namba ya hitilafu. Tukawasha tena: feni, tik tik, kimya. Tukarudia na kurudia hadi hita yenyewe ikajifunga, ikawa haikubali hata kuvuma.

Asiyewahi kulala ndani ya bati usiku wa baridi hajui. Pumzi za watu wanne zinapanda, zinagusa paa, zinageuka maji, na maji yanarudi kukudondokea usoni. Mimi na mume wangu tulilala juu, kwenye lile paa la turubai linaloinuliwa, na turubai lilikuwa limelowa chapachapa kwa ndani ilhali nje hapakuwa na mvua. Nilivaa koti, soksi juu ya soksi, kilemba, na bado meno yaligongana.

Shoga yangu akasema tuwashe jiko la gesi lau tupate joto. Nikakataa katakata. Nyumbani kila baridi ikikaza tunasikia habari za watu walioingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga madirisha, asubuhi wakakutwa wamekufa. Gesi nayo ikiwaka kwenye kichumba kisichopitisha hewa hutoa sumu ileile isiyo na harufu. Bora tutetemeke hadi asubuhi.

Basi nikapiga simu. Namba imebandikwa mlangoni, imeandikwa saa 24. Ikaita sana, mwanamume akapokea. Nikamweleza kwa adabu, nikamsomea namba ya hitilafu. Hakujishughulisha nayo. Akaniuliza mimi natoka wapi. Nikamwambia Leicester. Akasema hapana, asili. Nikamwambia Tanzania. Akasema, "Basi ndiyo maana. Nyinyi mmezoea joto. Hii ni Oktoba ya kawaida tu, vaeni vizuri mlale." Akakata.

Nyinyi mmezoea joto!

Mimi ni mtu wa Lushoto. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Kinder Scout, mlima mrefu kuliko yote huko Peak District, una mita 636. Nimekua naamka Juni na Julai ukungu umeingia mpaka jikoni, naenda shule kwa njia ya utelezi, na sweta ni sehemu ya sare. Dada yetu wa Bukavu naye kakulia kwenye vilima vya Ziwa Kivu, mahali ambapo blanketi halikunjwi likawekwa kabatini. Tena sikumwambia nasikia baridi. Nilimwambia hita yake inakataa kuwaka na inaandika namba ya hitilafu, na hita hiyo nimeilipia. Hilo ni suala la fundi. Asili yangu inaingiaje hapo?

Asubuhi likaongezeka jingine. Jua mwezi huo linachomoza karibu na saa mbili, tukatoka tukakuta nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu nyembamba. Nikawasha jiko nichemshe chai, moto ukatoka mdogo, unayumba, unataka kuzimika. Nikafungua kabati kutazama mtungi: wa buluu. Huku Uingereza mtungi wa buluu kwa kawaida ni butane na mwekundu ni propane, na muuza gesi yeyote anajua kwamba butane ikifika karibu na nyuzi sifuri haigeuki mvuke vizuri. Kumkodisha mtu gari aende milimani Oktoba na mtungi wa buluu ni kutojali, sina neno jingine. Chai tuliinywa vuguvugu.

Sasa niseme na la haki, kwa sababu mchana ule nusura niwasamehe.

Tulipitia Upper Booth mpaka Jacob's Ladder, ngazi za mawe zinazokata ubavu wa Kinder Scout. Kangaga zote zilikuwa zimegeuka rangi ya kutu, kondoo wamejaa bondeni, na zile kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zinapanda vilima hadi zinapotelea kwenye ukungu. Juu kabisa ardhi ni mboji nyeusi inayomeza buti. Sehemu nyingine wametandaza mawe mapana yaliyong'olewa kwenye sakafu za viwanda vya zamani vya nguo, unakanyaga hayo huku kulia na kushoto ni tope. Tulifika Kinder Downfall upepo wa magharibi ukiwa mkali, nikaona kwa macho yangu kitu nilichodhani watu wanakitia chumvi: maporomoko ya maji yanayorudi juu. Maji yanafika ukingoni, yanaanza kuanguka, upepo unayabeba na kuyarusha nyuma, yanakupiga usoni. Dada wa Bukavu alisimama pale amefungua mikono, analia huku anacheka. Shoga yangu akawa anasema tu, "Wallahi! Wallahi!"

Mume wangu ndiye aliyetusimulia habari za mlima ule, tumejibanza nyuma ya mwamba tukimalizia mahamri. Zamani eneo hilo lilikuwa la wenye ardhi wakubwa, akiwemo Duke wa Devonshire, na wapita njia walizuiwa ili ndege wa kuwindwa wasisumbuliwe. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi wa Manchester, wakaupanda kwa makusudi kutokea upande wa Hayfield, wakapambana na walinzi, na watano wakatupwa jela. Mwaka 1951 Peak District ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza Uingereza. Mwaka 1965 ikafunguliwa Pennine Way, njia ya miguu inayoanzia palepale Edale na kwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Kirk Yetholm, Scotland. Nilikuwa namsikiliza mume wangu, na kichwani nipo na yule wa simu. Watu walikwenda jela ili yeyote yule apite hapa, na mtu analipwa mshahara kwa sababu sisi tunakuja kupita hapa, halafu ananiuliza asili.

Hata hivyo tuliposhuka nilikuwa tayari kutoa nyota tatu. Kufungua mlango wa gari asubuhi ukakuta mlima uko hapo mbele yako, hoteli haikupi hilo. Nalisema na silifuti.

Kisha jioni ikaja, tukarudi kwenye kile kidude. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye kempavani yake ya zamani anayoitunza kama mboni ya jicho, alituona tunahangaika, akaja na kipima umeme. Huyu hakuniuliza natoka wapi. Aliuliza, "Inaandika namba gani?" Akainua kiti, akagusisha nyaya zake mbili kwenye betri ya pili, ile inayohudumia taa na hita. Mimi ndiye niliyemshikia tochi, nikaona mwenyewe: volti 11.6. Betri ya aina ile ikijaa husoma kama 12.7, na ikishuka chini ya 12 imekwisha. Akasema betri hii imechoka siku nyingi; injini ikiunguruma inasoma vizuri, ukizima tu inaporomoka. Na hita ya dizeli inakula umeme mwingi zaidi pale inapotaka kuwaka, inapopasha kile kifaa chake. Volti zikianguka hapo, inajizima ili kujilinda. Ndiyo maana feni ilivuma na pampu ikagonga lakini moto haukushika. Maelezo yenyewe ndiyo hayo tu. Fundi yeyote angeweza kunipa usiku ule kwa simu, nami ningemshukuru.

Mzee akatuazima waya wake mrefu wa kuchukulia umeme kwenye nguzo za kambi, kwa kuwa gari letu halikuwa nao. Kampuni inaukodisha kando, kwa pesa nyingine. Msimamizi wa kambi akaturuhusu tusogee karibu na nguzo. Chaja ikaanza kuisukuma betri. Mzee akachomoa fyuzi ya hita, akasubiri kidogo, akairudisha. Feni. Tik, tik. Safari hii ikaendelea, na baada ya muda hewa ya moto ikatoka kwenye tundu lililokuwa kando ya mguu wangu. Dada wa Bukavu alimpigia mzee makofi na kumwita baba mpaka tunaondoka.

Nililala vizuri, lakini nilipoamka hasira ilikuwa imepanda upya. Kumbe ni betri tu! Kitu cha kupimwa kwa dakika moja kabla mteja hajafika, wao hawakupima, na nilipowaambia wakanitafutia kosa kwenye nchi niliyozaliwa.

Siku ya kurudisha gari tulimkuta binti wa mapokezi, mpole, ana adabu. Akaandika yote, akatupa pole, akaahidi kwamba wakubwa wake watafuatilia. Nikatoka pale na moyo wa nyota mbili, na huyo binti peke yake ningempa tano. Baadaye ikaja barua pepe: hita imekaguliwa, haina hitilafu. Itakosaje kuwaka wakiikagua injini ikiwa inaunguruma? Chini yake wameandika kwamba wamekata pauni 60 kwenye amana yetu kwa sababu ya matope kwenye zulia. Gari wanalolitangaza kwa picha za watu waliovaa buti kileleni! Na mwisho kabisa wananipa punguzo la asilimia 15 nikikodi tena. Ile simu haikutajwa popote.

Anayetaka kwenda Edale aende, asiache kwa ajili ya maneno yangu. Treni za kati ya Manchester na Sheffield zinasimama kijijini hapohapo, unatoka stesheni unaanza kupanda. Na kama ni kempavani unayoitaka, mimi bado nazipenda na nitakodi tena kwingine, simama na huyo kijana wao, injini ikiwa imezimwa, mpaka hita itoe hewa ya moto uishike kwa mkono. Mtungi uwe mwekundu, waya wa umeme uwe ndani ya gari, ndipo ushike kalamu.

Hawa wangu nimeshawajibu. Punguzo nimelikataa, pauni 60 nazidai, na nimewatajia saa niliyopiga ili wasikilize, kwa sababu sauti yao ya mashine inasema kila simu inarekodiwa. Betri ningeweza kuwasamehe, betri huchakaa. Ninachotaka ni yule mtu atuombe radhi, mimi na dada yangu wa Bukavu, kwa mdomo wake mwenyewe. Mpaka naandika haya hawajajibu.