Laini ya mama imekufa mara mbili, dukani wameniokoa ila ile 100 ya huduma kwa wateja sina hamu nayo

Mtandao wenyewe siutaji, mjue tu ni mmoja kati ya hii hii mnayoitumia, na nimesubiri siku kadhaa hasira zipungue maana juzi ningeandika matusi.

Mama yangu yuko Nanyamba, Mtwara, anabangua korosho za kuuza. Laini yake ni ya zamani, ile kadi nene ya enzi za vitochi, nilipompelekea simu ya tachi kipindi cha Idd fundi akaikata kwa mkasi iingie kwenye kile kitobo kidogo. Tokea hapo ikawa ya kubembeleza, simu inaandika hakuna laini, mama anaitoa, anaifuta na khanga, anaweka kijikaratasi amekikunja nyuma yake ndo inasoma. Miezi imeenda hivyo hivyo. Mwezi uliopita ikagoma kabisa na humo ndani kuna 86,000 ya kikoba ambayo sio yake peke yake, kina mama wenzake washaanza kumuangalia vibaya.

Nikamwambia mama kwanza chomeka kwenye simu ya jirani. Akachomeka, haisomi. Kwaiyo simu nzima, mbovu ni laini. Hii fanyeni kabla hamjampelekea fundi hela, mi mwenyewe niliwahi kununua betri jipya kumbe tatizo kadi.

Sasa mama hakutaka kupanda gari kuja mjini, akaenda kwa kijana wa mwamvuli, hawa wanaosajili laini barabarani, pale pale kwao kurenyu, yani apewe kadi mpya yenye namba ile ile. Elfu mbili. Kijana anamwambia weka kidole mama, haijasoma, weka tena, bado, hebu kingine, rudia mama rudia. Mnaojua kubangua mnajua yale mafuta ya ganda yanavyokula ngozi, mama vidole vimekuwa laini na laini ndo haitaki kumsoma. Hata ile Januari 2020 siku za mwisho kabla hawajafungia laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole alirudishwa foleni mara mbili kwa ajili ya vidole. Kwaiyo hakushangaa, alibonyeza weee mpaka kijana akasema tayari. Laini ikawaka, siku mbili, ikazima tena. Kijana kumfuata, mwamvuli upo mwenyewe hayupo.

Hapo ndo nikaingia mimi. Napiga 100 na laini yangu, mtandao huo huo, na hapa niulize kitu, mtu ambaye laini yake imekufa na hana mwanae mwenye laini ya kwenu hiyo 100 anaipigaje? Tuache. Bonyeza moja, bonyeza tatu, muziki, tangazo la bando, muziki, tangazo la bando lile lile, dakika 14 na sekunde kadhaa nimeziangalia kwenye kioo. Kapokea kaka mmoja sauti nzuri, ananiuliza jina kamili la mama, namba ya NIDA, namba anazopigia mara kwa mara, nikamjibu zote maana mama nilikuwa nae kwenye simu nyingine ya jirani. Mwisho wa yote ananiambia "kwa huku kwetu laini inaonekana ipo sawa, mwambie mama azime simu awashe." Nikamwambia kaka, laini haionekani kwenye simu yoyote ile, azime nini sasa? Akarudia vile vile, azime awashe, yani kama anasoma kwenye karatasi. Nikamuomba namba ya kumbukumbu ya lalamiko, simu ikakatika. Siwezi kusema kakata yeye. Lakini ilikatika pale pale kwenye hilo neno. Na hiyo namba ni muhimu aisee, ukitaka kufika TCRA, wale wasimamizi wa mitandao, lazima uonyeshe ulianza kulalamika kwa mtandao wenyewe, bila hiyo unarudishwa ulikotoka.

Nikapiga mara ya pili jioni, dada mwingine, dakika 9, huyu angalau alikuwa muwazi, akasema kwa simu hatuwezi, njooni dukani na mwenye laini mwenyewe.

Mama akaja na gari ya alfajiri, nikampokea stendi, bajaji mpaka dukani mjini. Saa mbili na robo tupo mlangoni, watu kumi na kitu mbele yetu. Kaunta nne, wahudumu wawili, viti vya kutosha na kiyoyozi kinafanya kazi, hilo siwanyimi. Tumesubiri saa nzima na kitu.

Ila dada aliyetuhudumia, jamani. Alianza na shikamoo mama, akaichukua ile kadi ya kwanza akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaniita "kaka njoo uone." Ufa mwembamba kama unywele umepita katikati ya ile sehemu ya dhahabu. Akasema mkasi huo, na kile kijikaratasi kilikuwa kinazidi kuisukuma. Kadi ya pili, ya kijana wa mwamvuli, akasema hiyo mbovu tu toka ilikotoka, hata kwenye mashine yake haikusoma. Vidole alipojaribu havikukubali, hakusema rudia rudia, alimpeleka mama bombani nyuma akanawa na sabuni, akamkausha na tishu, akaanza kujaribu kimoja kimoja mpaka dole gumba la kushoto likakubali. Kadi mpya bure, maana ile mbovu ilikuwa ya kwao. Kwenye dakika 20 hivi simu inaita, mama kabadilisha namba ya siri ya pesa mwenyewe, dada kageukia ukutani, 86,000 ipo yote. Mama alidhani hela inakaa ndani ya kadi, akawa anaishika ile iliyopasuka kama hirizi. Kilichopotea ni majina tu, yalikuwa yamesevuliwa kwenye laini.

Tumeshainuka tuondoke dada akasema mama subiri, piga *106# tuangalie. Ile menyu inakuonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Namba mbili. Moja ya mama, nyingine hatuijui, na mama hajawahi kuwa na laini ya pili maishani mwake. Mnaelewa sasa ile "haijasoma mama rudia" ya kijana wa mwamvuli ilikuwa inasoma nini, vidole vya mama vinasajili laini nyingine. Kuna mtu anatembea na laini yenye jina la mama yangu, kesho anawatumia watu "ile hela itume kwenye namba hii" na polisi wanakuja kugonga Nanyamba kwa bibi anayebangua korosho.

Dada akajaza fomu ya kuikana ile namba, akatupa namba ya kumbukumbu bila kuombwa, akasema siku tatu. Zimekuwa tisa. Nimepiga 100 mara mbili katikati, wa kwanza ananiambia nizime simu niwashe.

Dukani nawapa 8, nawatoa mbili kwa foleni na hizo siku tisa. 100 nawapa 2, ya yule dada wa jioni. Mwamvuli sitoi namba, ila mzazi wako kama vidole vyake havisomi usimwache aende peke yake, kaa nae pale uhesabu amebonyeza mara ngapi.

Leo asubuhi mama amepiga *106# mwenyewe, akanisomea kwa sauti, imebaki moja. Halafu akaniuliza nauli yake ya kuja mjini anarudishiwa na nani.