Tahadhari Malindi: cheti cha ushauri nasaha si leseni ya kupima akili za watoto

Wazazi wa Malindi, Watamu na Mambrui, kuna tangazo linazunguka WhatsApp la mtu anayejiita "daktari wa saikolojia". Anamhoji mtoto kwa simu, anaandika barua kwamba ana baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), kisha anauza vidonge. Pesa za vikao kumi anazitaka zote mbele, kwa nambari yake binafsi. Anachoonyesha ni cheti cha mafunzo mafupi ya ushauri nasaha.

Cheti si leseni. Chini ya Sheria ya Kenya ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, anayesajili ni bodi iliyoundwa na sheria hiyo. Kadi ya uanachama wa chama cha wanataaluma nayo haitoshi.

Hata mshauri nasaha halali ana mpaka wake. Kazi yake ni mazungumzo: msiba, ndoa, uraibu. Vipimo vya akili ni vya mwanasaikolojia aliyevisomea, naye humwona mtoto ana kwa ana, huwauliza wazazi na walimu, na hulinganisha alama na za watoto wa umri uleule. Dakika ishirini za simu haziwezi kutoa jibu hilo. Vidonge huandikwa na daktari au tabibu aliyesajiliwa na baraza lake. Si mshauri, si mwanasaikolojia.

Hatari kubwa ni kile ambacho barua hiyo inakificha. Mtoto asiyetulia darasani huenda hasikii vizuri, hapati usingizi usiku, au ana kifafa cha kuzubaa, kile cha kukodoa macho sekunde chache bila kuanguka. Akishabandikwa jina la ugonjwa, nani atampeleka kupimwa masikio? Na mtu mzima aliyezoea diazepam, dawa ya kutuliza wasiwasi, akiambiwa aiache ghafla aanze "tiba ya maneno", anaweza kushikwa na degedege.

Kabla ya kutuma hata shilingi, omba jina kamili la kitambulisho, nambari ya usajili na kada yake (mshauri au mwanasaikolojia), kisha uiulize bodi yenyewe. Picha ya leseni usiiamini, kubadilisha jina kwenye picha ni kazi ya dakika mbili. Akidai yuko chini ya msimamizi, mhakiki msimamizi huyo pia.

Uliyekwisha kulipa, usifute kitu: ujumbe wa M-Pesa, tangazo, barua. Andikisha polisi, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na upeleke malalamiko kwa bodi. Mtoto aliyeanza vidonge apelekwe hospitali leo, na pakiti yake mkononi. Msivikatishe wenyewe kabla daktari hajaviona.