Pakiti ya wiki moja ya Gredi ya 2: nilivyoitumia darasani Lamu

Nimeitumia pakiti hii mihula miwili na watoto 46. Ni faili ya kurasa 38: kazi za hisabati, kadi za silabi, chati ya hali ya hewa na karatasi za tathmini, zote zimepangwa Jumatatu hadi Ijumaa. Kuichapisha bila rangi kulinigharimu shilingi 380. Nunua kwa ajili ya hisabati. Ya mazingira utayatunga mwenyewe.

Siku mbili za kwanza ni za makumi na mamoja. Pakiti inataka vijiti 99 kwa kila kundi la watoto sita. Usithubutu, kuhesabu tu kutamaliza dakika zote 30. Hamsini vinatosha. Imependekeza pia raba bendi za kufungia makumi, na kwa joto na chumvi ya huku zinakatika upesi. Chane za miyaa ni bora, na watoto wengi wanajua kuzifunga kuliko mwalimu.

Kilichonifurahisha hasa ni kadi za kupandanisha. Mtoto akisikia "thelathini na nne" huandika 304, kwa sababu ameandika 30 kisha 4, kama alivyosikia. Sasa analaza kadi ndefu ya 30, anaipandisha kadi fupi ya 4 juu ya sifuri, anaona 34. Akiiondoa, sifuri inarudi. Tatizo ni vipimo: kadi ya mamoja imechapishwa pana kidogo, inameza ubavu wa 3. Ikate iwe nusu kamili ya kadi ya makumi, na kingo za kulia zilingane.

Kadi za silabi zina kasoro mbili. Kwanza, picha iko juu ya neno, kwa hiyo mtoto anasoma picha. Kadi ya "ju" ina jua. Mtoto wa Lamu akiliona anasema "yua", nayo "njia" anasema "ndia". Hajakosea, hiyo ni Kiamu safi, lahaja ya Lamu, ila herufi hajaitazama. Nilizikunja picha zote nyuma: asome silabi kwanza, ndipo afunue. Akishafunua, yua na jua yote mawili yasemwe, jua liandikwe. Pili, "ngoma" na "ng'ombe" zimewekwa chini ya silabi moja. Hilo ni kosa la kihariri lisilosameheka. Andika kadi ya ng' kwa mkono.

Karatasi nyembamba hujikunja wakati wa kusi. Gandisha kadi kwenye maboksi ya katoni kwa uji wa unga wa ngano, kikombe 1 cha unga kwa vikombe 4 vya maji, uchemke hadi uwe mzito. Tia chumvi kijiko kimoja kuchelewesha ukungu.

Chati ya hali ya hewa ina theluji. Upepo haina! Niliiweka kando, tukapima maji. Kila siku saa nne asubuhi kundi moja linakwenda gatini na mwalimu, linasimama juu na kuhesabu vidato vilivyo nje ya maji, kisha darasani wanapaka rangi miraba sawa na idadi ya vidato walivyohesabu. Kwa kuwa maji hupwa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, ukianza na bamvua, siku maji yanapopwa kabisa karibu na saa hiyo, nguzo za chati zinafupika siku hadi siku. Mtoto anaiona tofauti bila kuambiwa. Kwa hiyo anza siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Ukianza kwenye maji mafu, siku maji yasipojaa wala kupwa sana, tofauti ni ndogo na watoto watabishana bure. Saa isibadilike hata kidogo: siku tuliyochelewa nusu saa ilivuruga chati nzima.

Ijumaa pakiti imeweka kazi ya mikono ya saa nzima. Kwa Lamu, wenye sala ya Ijumaa, ihamishie Alhamisi.

Tathmini imepewa ukurasa kwa kila mtoto, yaani kurasa 46 za ziada. Chora jedwali moja, majina upande, viwango vinne vya matarajio juu, ujaze wakati wanafunga vijiti: anayefungua fungu kuhesabu upya bado hajaamini kwamba ndani mna kumi.