The Piano Lesson jukwaani: waigizaji hodari, mzimu wa moshi

Kundi dogo linaloigiza The Piano Lesson, tamthilia ya Mmarekani mweusi August Wilson, hapa Columbus, Ohio, lina waigizaji wanaomzidi mwongozaji wao. Dola 28 za tiketi sizijutii hata kidogo. Ila mwongozaji ameamua kutuonyesha sura ya Sutter, mzimu wa mchezo huu, na hapo ndipo nina neno naye.

Mambo yanatokea Pittsburgh mwaka 1936. Boy Willie anafika kutoka Mississippi na rafiki yake Lymon, lori bovu limejaa matikiti. Akishamaliza kuyauza anataka auze na piano iliyoko sebuleni kwa baba yake mdogo, Doaker, apate fedha za kununua shamba la akina Sutter, ambako wazee wake walikuwa watumwa. Dada yake, Berniece, hataki kusikia. Ingekuwa kwetu Muheza kingeitwa kikao cha ukoo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, kisha watu wasalimiane shingo upande miaka na miaka. Hapa hakuna kikao. Yuko Doaker tu, anapiga pasi suruali yake ya kazi ya reli na kujifanya hayamhusu.

Piano yenyewe ilinunuliwa kwa watu. Sutter wa zamani alitaka kumpa mkewe zawadi, fedha hana, akatoa “mtumwa mmoja na nusu”: mama na mwanawe wa miaka tisa. Mke alipoanza kuwakumbuka watumwa wake, Willie Boy (si Boy Willie wetu), mume wa yule mama na seremala wa shambani, akaamriwa achonge sura zao kwenye piano. Yeye akachonga ukoo mzima, harusi na mazishi humo humo. Mwaka 1911, tarehe 4 Julai, mjukuu wake Boy Charles, baba wa Boy Willie na Berniece, aliichukua kwa akina Sutter na ndugu zake, na siku hiyo hiyo akachomwa moto ndani ya behewa pamoja na wengine. Mzee aliyeigiza Doaker alisimulia haya yote bila kupandisha sauti. Kwangu yeye ndiye bora wa usiku ule.

Kijitabu cha onyesho kinasema piano ni “kumbukumbu ya familia”. Rahisi mno. Berniece anayeilinda ameifunga: haipigi tangu mama yake afariki, wala hajamwambia binti yake Maretha zile sura ni za nani. Boy Willie anayetaka kuiuza ndiye anayemkalisha mtoto kwenye kiti na kumpigia, ndiye anayelalamika kwamba mtoto hajui asili yake. Sasa nani anatunza urithi? Nilikuwa upande wa Boy Willie karibu mpaka mapumziko, na mama niliyekaa naye alikuwa akinikata jicho kila nikimchekea.

Tuje kwa Sutter. Huyu ni mjukuu wa yule wa kwanza, amekufa kwa kutumbukia kisimani. Berniece anasema Boy Willie ndiye aliyemsukuma. Boy Willie anasema ni mizimu ya wale waliochomwa behewani. Wilson hatuambii. Mzimu anauona Berniece, anauona Doaker, anauona Maretha, lakini Boy Willie hauoni. Kwa hiyo mtazamaji anabaki kujiuliza: marehemu anamfuata aliyemuua, anafuata piano, au ni nyumba hii yenyewe ina deni? Mwongozaji wetu akamulika uso wa mzungu ukutani, na moshi juu yake. Safu yangu ilicheka. Ukishauona uso, swali limekwisha, kumebaki sinema ya kutisha.

Ubaya ni kwamba anajua kufanya vizuri zaidi. Boy Willie na Lymon walipojaribu kuisogeza piano hakukuwa na moshi wowote. Walisukuma, ikagoma, ikasikika sauti kutoka juu, basi. Nywele zilinisimama.

Mwisho, Avery, anayeendesha lifti kwa riziki na kuhubiri kwa wito, anasoma Biblia na kunyunyiza maji hadi anakata tamaa. Boy Willie anapanda ngazi kupigana na kitu tusichokiona. Ndipo Berniece anakaa kwenye piano, anaipiga na kuwaita wazee wake waliokufa kwa majina: Mama Berniece, Mama Esther, Papa Boy Charles, Mama Ola, nisaidieni. Mmarekani niliyefuatana naye alisema huo ni ushindi wa muziki. Mimi niliona tambiko lililocheleweshwa. Wenye nyumba hawakuitwa muda mrefu, mgeni akajikaribisha. Sidhani Wilson angenikatalia, ingawa hata hapo hakufunga mlango: Boy Willie anaondoka akionya kwamba wasipoendelea kuipiga, yeye na Sutter wote wanaweza kurudi. Kijana aliyemwigiza alisema huku anacheka, ikawa nusu utani, nusu amri. Berniece akajibu “asante” akiwa ameitazama piano, si kaka yake. Uamuzi huo wa mwigizaji ulinifurahisha kuliko mataa yote ya mwongozaji.

Ukienda, kula kwanza, maana urefu wa mchezo unakaribia masaa matatu na kantini yao ina biskuti tu. Na chukua kiti upande wa kulia. Kushoto kuna nguzo inayoziba ngazi, na nusu ya mchezo huu iko ngazini.