Embe bichi la Aswan limenikuta Mwaloni: uzoefu wangu na Un Jardin sur le Nil

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, huu mwaka wa kumi na moja. Pua ndiyo mzani wangu wa kwanza. Gunia halijafunguliwa vizuri nimeshajua kama dagaa walianikwa kwenye vichanja au mchangani, na kama walinyeshewa kabla hawajakauka. Walionyeshewa hata uwaanike upya juani siku mbili, nyuma ya shombo unabaki uchachu fulani. Nayasema haya ili msomaji ajue kwamba harufu kwangu ni kazi.

Kwa miaka mingi nilikuwa napaka mafuta ya kupima, yale mazito ya udi na vanila, nikidhani yanafukuza shombo. Hayafukuzi. Jua la saa saba likishawaka, udi na dagaa vinashikana, inazaliwa harufu ya tatu ambayo ni mbaya kuliko zote mbili. Siku moja kwenye daladala dada niliyekaa naye alifungua dirisha, akageuzia uso nje mpaka nikashuka. Iliniuma sana.

Mwezi wa nne mdogo wangu alipita Dubai, akaniletea chupa ya mililita 50 ya pafyumu iitwayo Un Jardin sur le Nil, yaani bustani kwenye Mto Nile, ya kampuni ya Kifaransa ya Hermès. Nilipulizia mkononi, nikanusa, nikanyamaza. Embe bichi! Embe lililoiva wala juisi yake havimo humo. Ni pale unapokata kikonyo, utomvu unachuruzika kidoleni, chumvi na pilipili bado hujagusa. Likishatulia unakuja ubichi wa majani ya majini, wenye ubaridi kama wa alfajiri mitumbwi ikirudi, halafu mti mkavu kwa mbali.

Ikabidi nimsome aliyeitunga. Ni Jean-Claude Ellena, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1947 Grasse, mji wa kusini ulioishi kwa kulima maua na kuyatoa mafuta yake. Baba yake alikuwa mtunga manukato, naye akaingia kiwandani akiwa kijana mdogo. Jina lake lilivuma mwaka 1976 kwa First ya Van Cleef & Arpels, pafyumu iliyosheheni kila kitu. Baadaye akageuka: kadiri alivyokomaa, ndivyo alivyopunguza.

Hapo ndipo aliponishika. Mtunga manukato wa leo anaweza kuwa na malighafi zaidi ya elfu moja mezani. Ellena alizichuja mpaka zikabaki kama 200, na chochote anachotia lazima kiwe na kazi. Hata hili embe halikukamuliwa kwenye embe. Amelijenga kwa vitu vingine, vichache, akaiachia pua yako imalizie. Nimelifikiria hilo siku nyingi nikiwa mezani pangu, kwamba mtu mwenye uwezo wa kuongeza chochote anaamua kuondoa.

Hermès walimchukua mwaka 2004 awe mtunga wao, akaenda Aswan, kule Misri, kutafuta harufu ya Nile. Mwingine angerudi na uvumba na jasmini. Yeye alikuta miembe, matunda bado mabichi yananing'inia, akanusa, akajua amepata. Pafyumu ikatoka mwaka 2005.

Na Nile yenyewe inatoka ziwani kwetu, pale Jinja upande wa Uganda. Ziwa Victoria halina mto mwingine unaotoa maji yake. Miembe imejaa kwenye nyua zetu huku Ilemela, nimeipita tangu utoto, na sikuwahi kudhani harufu yake ina thamani ya kufungiwa kwenye chupa.

Sasa matumizi. Napulizia mara mbili, shingoni na kwenye kitenge, kabla sijatoka saa kumi na moja alfajiri. Haigombani na shombo. Inakaa pembeni yake kama ndimu inavyokaa na samaki: samaki bado yupo, ila anavumilika. Mwezi wa tano mteja wangu wa siku nyingi kutoka Kongo aliinama kukagua gunia, akainua kichwa, akauliza, "Mama, nani amemenya embe hapa?" Msimu wa embe ulikuwa umekwisha kitambo.

Ni pafyumu nyepesi. Ikifika saa sita kwangu imebaki ya mtu aliye karibu sana, na kazini ndivyo ninavyotaka. Anayependa manukato yamtangulie mlangoni atafute nyingine. Harusini mimi mwenyewe bado najifukiza udi.

Nyumba yangu ni ya bati na joto linaharibu manukato, kwa hiyo chupa naiweka ndani ya boksi lake, chini kabisa ya kabati. Imeshuka chini ya nusu. Siku nisipokuwa na haraka, napulizia kwenye kipande cha karatasi na kwenda nacho Mwaloni. Nakinusa kwanza, natulia kidogo, ndipo nafungua gunia jipya.