Ulinzi wa mtandaoni kwa mzee mwenye mali na jina: uzoefu wangu Dodoma

Kwa anayetaka jibu la haraka: huduma inafaa, na mfanyabiashara mkubwa au kiongozi yeyote wa hapa Dodoma akiniuliza namwambia aichukue, ilimradi asidhani ananunua kitu cha kufunga kwenye simu halafu asahau. Sehemu kubwa ya faida tuliyoipata imetokana na kazi ambayo vijana wa kampuni waliifanya kwa watu wanaomzunguka mzee, yaani bosi wangu: mhasibu, dereva, mama (mkewe), watoto, na mimi mwenyewe. Vifaa vilifuata baadaye.

Mimi ni msaidizi wa mfanyabiashara anayenunua mahindi Kibaigwa na alizeti Singida, mwenye shamba la zabibu upande wa Mpunguzi na nyumba za kupangisha Kisasa na Ilazo. Amewahi pia kushika wadhifa wa umma, kwa hiyo jina na sura yake vinajulikana. Simu zake nashinda nazo mimi, na barua pepe zake nazifungua mimi. Kampuni iliyotuhudumia siitaji, kwa sababu mkataba wetu unataka siri pande zote mbili, na kipengele hicho nakiunga mkono kabisa: ukitangaza nani anakulinda, umemwonyesha mwizi pa kuanzia. Niseme tu ni vijana wachache, wengi wao walisoma UDOM, wenye ofisi ndogo hapa mjini.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" kila Mtanzania ameshaupata, na wengi tunaufuta bila hata kuumaliza. Tapeli anayemwinda tajiri hatumi ujumbe wa namna hiyo. Anamsoma kwanza. Anajua msimu wa mahindi fedha nyingi zinapita kwenye simu, anajua mzee akienda Dar kwa treni ya SGR anakuwa mbali na ofisi, anajua jina la mhasibu, anajua binti anasoma wapi. Sisi kilichotushtua ni laini. Siku moja laini yake ya biashara ilikata mtandao ghafla akiwa safarini. Kumbe kuna mtu alikwenda kwa wakala na kivuli cha kitambulisho chake cha NIDA, akaomba laini irudishwe kwenye kadi mpya. Tuliwahi kuizuia kabla fedha hazijatoka, lakini usiku ule mzee hakulala, na kesho yake akaniambia, "Mwanangu, tafuta wataalamu. Gharama tutazungumza."

Nilitegemea waje na kompyuta na nyaya. Walikuja na daftari. Walikaa sebuleni Kisasa na familia nzima, wakamwamkia mzee na mama, wakaanza kuuliza: namba ya siri ya simu ya mzee nani anaijua? Dereva akainua mkono, kwa sababu barabarani ndiye anayempigia watu. Kijana wa mwisho akainua mkono, kwa ajili ya michezo. Mama akasema anaijua ila haitumii. Ruta ya intaneti ya nyumbani ina nywila gani? Ni ile ile iliyobandikwa chini yake siku ilipofungwa. Kamera za getini? Fundi aliyezifunga bado alikuwa anaziona kwenye simu yake, na hakuna aliyewahi kufikiria kumwondoa. Hapo mzee alinyamaza kwa muda, kisha akaomba kila kitu kiandikwe.

Swali lililochukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa la vivuli vya NIDA. Fikiria mtu mwenye shughuli nyingi hapa Dodoma: kivuli kimebaki alikonunulia kiwanja, kingine benki, kingine kwenye zabuni, kingine kwa dalali, kingine hotelini, na kila kimoja kina jina, tarehe ya kuzaliwa na namba kamili. Karatasi hizo hazirudi tena. Vijana walitufundisha tangu siku ile kila kivuli kinachotoka ofisini kiandikwe kwa kalamu, katikati ya picha, kimetolewa kwa nani, kwa kazi gani na lini. Ni jambo dogo, halina gharama, na sasa nalifanya hata kwa kitambulisho changu. Halafu tukapiga *106# kwa kila mtu wa nyumbani, tuone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yake ya NIDA. Ya mzee ilileta laini asizozitambua, tukazifuatilia kwa watoa huduma mpaka zikafungwa. Huduma hiyo ni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na haidai ada yoyote. Msomaji anaweza kuifanya sasa hivi bila kumlipa mtaalamu.

Kuhusu vifaa, nitaeleza vile vilivyobadilisha maisha yetu tu. Cha kwanza ni kuiondoa namba ya simu kwenye kazi ya kuwa ufunguo. Kama barua pepe, benki na WhatsApp vyote vinafunguka kwa tarakimu zinazotumwa kwa ujumbe mfupi, basi aliyeiteka laini ameteka kila kitu. Akaunti ya Google ya mzee iliingizwa kwenye Advanced Protection, mpango ambao Google waliuanzisha mwaka 2017 kwa ajili ya watu wanaolengwa zaidi, kama viongozi, waandishi wa habari na wakuu wa makampuni. Mpango wenyewe ni bure. Tulichonunua ni funguo za usalama, vidude vidogo mfano wa flashi. Sisi tulichukua za YubiKey. Bila kuchomeka kimoja au kukigusisha kwenye simu, huwezi kuingia kwenye akaunti kwa kifaa kipya hata kama unaijua nywila. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ufunguo hukagua wenyewe anwani ya tovuti, hivyo ukurasa wa kughushi unaofanana na wa Google hauambulii kitu. Mwaka 2016 John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Hillary Clinton kule Marekani, aliibiwa maelfu ya barua pepe zake kwa ukurasa wa aina hiyo. Kama mtu wa ngazi ile alinaswa, mzee wangu mwenye haraka zake za sokoni anahitaji kitu kisichotegemea macho yake.

Kuna masharti yake. Ukipoteza funguo zote, kurudishiwa akaunti huchukua siku kadhaa kwa sababu Google wanafanya uhakiki wa ziada. Kwa hiyo mzee ana ufunguo mmoja kwenye mkufu wa funguo za gari, mwingine uko kwenye sefu, na mama anajua ulipo.

Cha pili ni simu yenyewe. Vijana walieleza kwa utulivu programu za kijasusi kama Pegasus, iliyotengenezwa na NSO Group ya Israel, ambazo zinaweza kuingia kwenye simu bila mwenyewe kubonyeza chochote. Mwaka 2019 WhatsApp walisema watumiaji wao wapatao 1,400 walishambuliwa kwa njia hiyo. Nilipenda kwamba hawakututisha ili watuuzie kitu. Walisema wazi kuwa mashambulizi hayo ni ghali na hulenga watu wachache, ila kwa mtu aliyeshika wadhifa, kinga iliyopo haina gharama, kwa nini aiache? Wakawasha Lockdown Mode kwenye iPhone yake, hali ya ulinzi mkali ambayo Apple waliileta mwaka 2022 na toleo la iOS 16 la mfumo wa simu zao. Inakataa viambatisho vingi kwenye ujumbe, inazuia simu za FaceTime kutoka kwa mtu ambaye hujawahi kumpigia, na simu ikiwa imefungwa haikubali kuunganishwa kwa waya na kompyuta.

Hapo ndipo tulipopata usumbufu ambao wenzetu wa Dar pengine hawauoni. Lockdown Mode huzima pia mtandao wa 2G, kwa sababu teknolojia hiyo ya zamani ni rahisi kuingiliwa. Ukiwa Area C hapa mjini husikii tofauti yoyote. Ukifika mashambani, kwenye mabonde ambako minara ni michache, simu inakaa kimya kabisa. Mzee alikaa shambani mchana mzima hapatikani huku malori yanasubiri neno lake. Ufumbuzi ulikuwa kumpa kitochi chenye laini nyingine kwa ajili ya shambani, cha kupiga na kupokea tu, kisicho na fedha wala barua pepe. Naona walipaswa kutuuliza mapema kama mzee anatembelea mashamba, na niliwaambia hivyo.

Sasa niseme kilichonifanya niamini kwamba fedha yetu haikupotea. Msimu wa mahindi ulipopamba moto, mhasibu wetu alipigiwa simu kwa WhatsApp na namba ngeni yenye picha ya mzee. Sauti ilikuwa ya mzee. Nimeisikia, kwa sababu mhasibu alikuwa ofisini na akaweka spika. Kikohozi chake kile cha kusafisha koo kabla ya kusema kilikuwepo, na lafudhi yake ya Kigogo ilikuwepo. Alisema simu yake imeisha chaji, anatumia ya mwenzake, yuko Kibaigwa na kuna gunia nyingi za bei nzuri, fedha zitumwe haraka kwa dalali kabla mwingine hajazichukua. Mhasibu ni mama mtu mzima, ana heshima zake, na kumhoji bosi ni jambo ambalo hajalizoea. Lakini tulikuwa tumefundishwa: ombi lolote la fedha kwa simu lazima lifuatwe na swali letu la nyumbani, hata aombaye akikasirika. Akauliza, "Samahani mzee, na lile jambo letu je?" Upande wa pili ukasita, ukaanza kufoka kwamba hana muda wa mambo ya kitoto, kisha simu ikakatwa. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa Mpunguzi, anakagua zabibu zake.

Sauti waliitoa wapi? Vijana wanaamini waliitengeneza kwa akili mnemba kutokana na hotuba zake za zamani zilizo wazi mtandaoni. Mtu wa umma hawezi kuzifuta hotuba zake. Hong Kong, mwaka 2024, ilijulikana kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup alihamisha takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya kikao cha video ambamo watu wengine wote walikuwa wa kughushi. Kampuni kubwa vile, yenye wataalamu wake! Sisi tuliokolewa na swali moja na mama mmoja aliyekubali kufokewa. Ujumbe wa namba ya yule dalali tuliusambaza kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, tukaripoti polisi pia, na namba ile haikupatikana tena.

Mafunzo ya watoto yalikuwa magumu zaidi. Binti alikuwa akiweka picha Instagram papo hapo: yuko wapi, gari gani, namba za gari zinaonekana. Kijana wa kampuni alimwonyesha kwa picha zake mwenyewe jinsi anavyoweza kujua siku ambazo nyumba haina mwanamume. Hakumgombeza. Alimwomba tu aweke picha baada ya kuondoka mahali. Binti alikubali hilo, lakini kuifunga akaunti yake alikataa, na mzee alimwacha. Nadhani ni sawa. Binti ana maisha yake.

Malalamiko ninayo. Ripoti zao za kila mwezi zilikuja kwa Kiingereza kizito, kurasa nyingi za michoro, wakati anayepaswa kuzielewa ni mzee na mama. Simu ya dharura hupokelewa vizuri siku za kazi, ila Jumapili tuliwahi kusubiri mpaka jioni, na wezi wanaipenda Jumapili. Ada nayo si ndogo, kwa mwezi inakaribia mshahara wa dereva wetu. Kwa mzigo wa fedha unaopita kwenye simu za mzee naiona ni ya haki. Kwa mwenye duka moja ningesema anza na *106#, namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na swali la nyumbani. Hayo yote ni bure.

Jambo moja zaidi kwa anayetafuta kampuni ya namna hii, yoyote ile. Unawakabidhi ramani ya maisha ya familia nzima. Sisi tuliwadai cheti cha usajili wao kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama inavyotakiwa na Sheria ya mwaka 2022, tukaandika kwenye mkataba kwamba nywila hawazijui kamwe, wanatuelekeza tu tukiziweka wenyewe, na kwamba tukiachana taarifa zetu zote zinafutwa mbele yetu. Kampuni ya kwanza tuliyozungumza nayo iliomba tuitumie nywila zote kwa WhatsApp ili "waanze kazi". Hatukuendelea nayo.

Mkataba umeisha mwezi uliopita na tumeuongeza. Tuliweka masharti mawili: ripoti ziwe kwa Kiswahili na zisizidi ukurasa mmoja, na Jumapili kuwe na mtu wa zamu. La ripoti wamelitekeleza, mama ameisoma ya kwanza na kuuliza maswali. La Jumapili wanataka kuongezewa ada, na mzee bado hajajibu.