Tahadhari: Canon 600D "iliyofunguliwa 4K". Nimepigwa, wewe usipigwe

Wadau wa video, salaam. Nasema hasa na ninyi mnaoanza, mnaojichanga kidogo kidogo mpate kamera ya mtumba ya kupigia harusi na sendofu. Kuna jamaa anazunguka hapa Dar anauza Canon 600D na 60D kwa maneno kwamba "zimefunguliwa 4K", yaani eti zimewezeshwa kupiga video ya 4K. Mimi amenila 230,000 juu ya bei halali ya kamera, na kazi ya mteja imepotea ambayo hairudi tena. Jina lake halina maana kulitaja kwa sababu analibadilisha kama shati. Mbinu yake ndiyo haibadiliki, kwa hiyo shikeni mbinu.

Tulikutana mgahawani Kariakoo. Duka, alisema, linapakwa rangi. (Hapo ndipo ningeaga.) Akawasha kamera, akabonyeza kitufe cha kufutia picha, ikatokea menyu ambayo sijawahi kuiona kwenye Canon: mistari ya pundamilia pale mwanga unapozidi, vidoti vya rangi kuonyesha fokasi iko wapi, mita za sauti, grafu za mwanga. Mimi macho yamenitoka. Kisha akafungua laptop, akanichezea video ya gari linapita, akanionyesha maelezo ya faili: 3840 kwa 2160. "Kaka, sensa ya hii mashine, kile kipande kinachonasa picha, ina pikseli 5184 kwa upana. 4K inataka 3840 tu. Canon wameibana makusudi ili ukanunue kamera ya mamilioni. Sisi tumeifungua."

Hesabu ikaniingia. 600D ya kawaida katika hali ile ningeipata kwa 600,000. Yeye alitaka 750,000, pamoja na kadi ya GB 64 "yenye mfumo ndani". Nikalipa.

Sasa ukweli, ambao nimeujua nikiwa nimeshaungua. Ile menyu si ya kwake. Inaitwa Magic Lantern, ni programu ya bure ya kuongezea kamera za Canon uwezo. Aliianzisha Trammell Hudson mwaka 2009 kwa ajili ya 5D Mark II, kamera iliyokuwa inapiga video nzuri lakini haimpi mpigaji uhuru wa kusimamia sauti na mwanga anavyotaka. Baadaye watu wengine wakaipeleka kwenye Canon nyingine, 600D ikiwemo. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na hakuna leseni ya mwezi wala namba ya kufungulia. Pia haiondoi programu ya Canon iliyomo ndani ya kamera. Inakaa kwenye kadi na kupakiwa kila unapowasha. Kitu pekee kinachobadilika ndani ya kamera ni alama ndogo inayoiambia: ukikuta kadi ya namna hii, anzia hapo.

Na hiyo 4K je? Pikseli 5184 ni za picha mnato, hapo hakudanganya. Lakini video ni kusoma sensa mara 24 au 25 kila sekunde, kisha kupeleka yote yaliyosomwa kwenye kadi. Kichakato cha 600D, DIGIC 4, kinaikandamiza video iwe faili dogo, na mwisho wake ni 1920 kwa 1080, yaani Full HD. Ukitaka kukikwepa urekodi RAW, yaani video ghafi isiyokandamizwa, Magic Lantern inaruhusu, ila fanya hesabu mwenyewe: fremu moja ya 3840 kwa 2160 yenye biti 14 ni karibu MB 14.5, mara 24 ni karibu MB 348 kwa sekunde. Mlango wa kadi wa 600D unapitisha kama MB 20. Ni kumimina pipa kwenye tundu la sindano. Hata Full HD ya RAW inataka karibu MB 87 kwa sekunde. Ndiyo maana RAW ya Full HD ilipowezekana mwaka 2013, waliofaidi walikuwa wenye 5D Mark III yenye kadi za CF (CompactFlash) za kasi, si sisi wa 600D.

Ile video ya laptop? Chukua video yoyote, iweke kwenye programu ya kuhariri, itoe kwa 3840 kwa 2160. Faili litaandika 4K, picha ni ile ile imevutwa kama chapati. Kwenye kamera yenyewe hakunirekodia hata sekunde moja. Sikumwomba.

Wiki ya tatu kamera ikagoma kuwaka. Kimya kabisa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimehamishia kazi kwenye kompyuta, halafu nikafuta kila kitu kwenye kadi ili nipate nafasi. Nikampigia, akajibu bila hata kushtuka: "Leseni ya mwezi imeisha, kaka. Leta 80,000 niiwashe, ukichelewa inajifunga moja kwa moja." Nilikuwa na kazi Jumamosi. Nikampelekea. Akanigeuzia mgongo dakika kumi na laptop yake, akarudi kamera inawaka.

Hapa nawaomba msome taratibu, maana ndipo hela yake ilipo. Kadi iliyoandaliwa kwa Magic Lantern inabaki na alama ya kuanzishia hata ukifuta mafaili yake kwa kompyuta. Kamera ikiikuta inatafuta faili linaloitwa autoexec.bin, halipo, inaganda hapo hapo, na betri inaendelea kuliwa. Haijafa wala haijafungwa. Chomoa betri, toa kadi, weka kadi nyingine ya kawaida, rudisha betri: inawaka. Bure. Yeye alichofanya ni kurudisha faili lile na folda yake. Anajua fika kwamba mnunuzi siku moja atafuta kadi kwa kompyuta, anachosubiri ni simu tu. Ukitaka kusafisha kadi, isafishie ndani ya kamera, na Magic Lantern yenyewe itakuuliza kama ibaki au iondoke.

Hayo ya hela ningemeza. Kilichonifanya niandike ni kadi.

Jumamosi ile ilikuwa sendofu Sinza. 600D hukata video ikifika GB 4, karibu dakika 12 kwa Full HD, na kwenye Magic Lantern kuna sehemu ya kuianzisha tena yenyewe, kwa hiyo nilikuwa nimetulia. Kadi ya GB 64 ni kama saa tatu. Nikapiga kuingia kwa binti, keki, zawadi, hotuba ya baba mkubwa aliyesafiri kutoka Songea. Nyumbani nikakuta video mbili za kwanza safi. Zilizobaki, jina lipo, ukubwa upo, hazifunguki. Kadi ilikuwa ya GB 8 iliyochezewa ijitangaze kuwa ni 64. Ikijaa haikuambii, inaendelea kupokea na kumwaga nje. Mama wa binti hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mwanangu, ina maana shemeji yangu hakusema kitu?" Malipo ya awali nimemrudishia yote.

Kwa hiyo kadi yoyote, hata ya dukani yenye karatasi lake, ipime kabla ya kazi. Kwa Windows kuna H2testw, kwa Linux na Mac kuna F3, zote za bure. Zinaijaza kadi hadi pomoni kisha zinasoma tena kilichoandikwa. GB 64 inaweza kukula saa nzima au zaidi. Ivumilie.

Kwa kamera, nenda na kadi yako. Rekodi mbele yake dakika moja, fungua faili hilo hilo kwenye kompyuta yako, soma vipimo. Akianza hadithi kwamba 4K inaonekana tu kwenye kadi yake, inuka. Tena, kama kamera ina Magic Lantern, usiiache hivi hivi: menyu yake ya Debug inaonyesha shata imepiga mara ngapi, yaani kamera imetumika kiasi gani. Yangu aliniambia "haijafika elfu kumi". Nilikuta 71,000 na ushee.

Nisieleweke vibaya. Magic Lantern yenyewe sina ugomvi nayo, ninaitumia mpaka leo. Nimeiweka upya mwenyewe kwenye kadi safi, nikahakikisha kwanza kamera iko kwenye toleo la 1.0.2 la programu ya Canon, ambalo ndilo linalotakiwa kwa 600D; toleo lisipolingana, usijaribu. Waliotengeneza wanasema wazi kwamba unaitumia kwa dhamana yako, na Canon hawaitambui. Mistari ya pundamilia peke yake imeniokoa kwenye magauni meupe mara nyingi tu.

Jana nimeliona tangazo lake tena. Picha zile zile, hata kitambaa cha meza ni kile cha mgahawani, jina jipya. Bei sasa ni 820,000, na kamera "imefunguliwa 5K".